Madebe ya Watu Watatu kwa Namba Moja

Shambani, juu ya Rhotia, Karatu
Jumapili, 16 Oktoba 1983

Mwanangu Zainabu,

Ni mwezi wa tisa sasa tangu nitoke Ilongero, na kesho ni zamu yako kutoka. Mama yako ameniandikia kwa mkono wa mwalimu kwamba utapanda basi la alfajiri pale Singida. Barua hii haiwezi kukuwahi nyumbani. Dereva wa lori la kahawa anateremka Arusha kesho, na ameniahidi kuiacha kwa shangazi yako Ngarenaro, ikukute huko.

Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala saa ya kurudi ndani jioni. Shangazi yako ana maneno ya kukutosha mwaka mzima. Nataka kukuandikia juu ya kazi unayokwenda kuianza, kwa sababu mwaka huu nimeijua kwa upande wake mbaya, na upande huo mbaya ni mimi.

Nilipopata habari kwamba umechukuliwa kuwa karani katika ofisi yenye mashine ya kuhesabu mishahara, niliizungusha barua ya mama yako kambi nzima. Hata wasiojua kusoma niliwaonyesha. Halafu nikakumbuka kwamba na sisi hapa tuna karani msichana wa kazi hiyo hiyo, na nikaikunja ile barua nikaitia mfukoni. Anaitwa Elinami. Ni Mmeru, amemaliza kidato cha nne kama wewe. Yeye ndiye anayeandika kila namba ya mchumaji na madebe yake, karatasi zinakwenda Arusha na lori, na mashine ya kampuni huko inapiga hesabu ya ujira na kodi ya mapato. Mwisho wa mwezi vinarudi vikaratasi vya mshahara, kila mtu na chake.

Kesho asubuhi Elinami anafukuzwa kwa ajili ya neno langu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, na nitakueleza lilivyokuja.

Unajua sabuni ilivyo adimu mwaka huu. Hapa watu wamefua kwa majivu mpaka kanga zimekuwa rangi moja. Mwezi wa saba mwenye shamba akaweka zawadi: namba yoyote itakayovuka kiwango cha madebe kwa wiki, mwenye namba anapewa mche wa sabuni na sukari kilo moja. Kiwango chenyewe mtu mmoja hakifikii, hata angekuwa na mikono minne. Basi watu wakaanza kuchanga. Watatu au wanne wanachuma kila mmoja mstari wake, lakini kwenye kupima wanamimina kwa namba moja. Sabuni inakatwa kwa uzi kambini, sukari inagawanywa kwa kikombe, na fedha mwisho wa mwezi kila mtu anapewa kwa madebe yake. Nyapara wetu, Hando, alijua. Kipande chake cha sabuni kilikuwa kinakatwa kwanza.

Mimi nilichanga na Mama Tluway na wifi yake. Mama Tluway ni mjane wa Kimbulu, kwao ni Daa, anakuja kuchuma msimu wa kahawa kisha anarudi kwenye mahindi yake. Ana ulimi mkali na mikono myepesi kuliko yangu. Vikundi vingine vilikuwa vinapokezana kama upatu, wiki hii namba ya huyu, wiki ijayo ya yule. Mama Tluway alitaka na sisi tufanye hivyo.

"Baba Zainabu," akaniambia, "namba yako tu kila wiki? Sisi hatuna namba?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa kudumu. Namba yangu ni ya miaka kumi na moja, hata Arusha wanaijua. Ya kwenu ni ya msimu, inaweza kupotea."

Hakukuwa na hatari ya namba kupotea, mwanangu. Nilipenda tu kuitwa mbele kila Jumamosi kuchukua sabuni. Miaka kumi na moja nimechuma, nimepalilia na kupiga dawa, na sijawahi kuitwa mbele kwa jambo lolote. Nilipenda kusikia jina langu.

Mwisho wa mwezi wa nane vikaratasi vikaja. Changu kilikuwa na mstari ambao sijawahi kuuona tangu nianze kazi, umeandikwa kodi, na kiasi kilichokatwa hakikuwa kidogo. Nikakisoma kwa sauti bila kujua ninasoma kwa sauti. Watu wakaangua kicheko.

"Baba Zainabu amekuwa meneja!" mmoja akasema. "Anakatwa kodi kama mzungu!"

"Mkopesheni kiti," mwingine akaitikia. "Mtu wa kodi hasimami juani."

Nikaenda ofisini nimefura. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mashine imekosea. Nina darasa la nne langu, kujumlisha najua, kuzidisha najua, na nilimwambia Elinami hivyo hivyo, nikigonga meza. Watu wanne au watano walinifuata, wakasimama mlangoni. Hando naye alikuwepo.

Yule binti hakunijibu kwa hasira. Alinivutia kiti, akasema, "Karibu, mzee. Tuipige wenyewe kwa mkono, tuone kama mashine imekosea."

Akachukua karatasi yenye viwango vya serikali iliyobandikwa ukutani. Mimi nilidhani, na wengi hapa bado wanadhani, kwamba mshahara ukivuka tu kiwango, wote unakatwa kuanzia shilingi ya kwanza. Akaniambia sivyo. Akasema nifikirie madebe yaliyopangwa moja juu ya jingine. Debe la chini kabisa haliguswi, ni lako zima. La pili linachotwa kidogo. La tatu linachotwa zaidi. Ukiongeza debe la juu, la chini halibadiliki, linabaki vile vile. Kwa hiyo ukitaka kuikagua mashine, anza kuangalia kama imeliacha debe la chini, kisha kama imetumia viwango vya mwaka huu na si vya zamani, kisha uchote mwenyewe debe kwa debe.

Tukachota. Yeye anaandika, mimi nahesabu kwa vidole na midomo. Mara ya kwanza nilikosea mimi. Mara ya pili tukapata kile kile kilichoandikwa na mashine, mpaka senti. Nikataka mara ya tatu, tukapata kile kile.

Elinami akaweka kalamu chini. Akasema, "Mashine haijakosea, mzee. Imetoza kodi ya mtu aliyechuma madebe haya yote. Sasa nikuulize: madebe haya yote ni yako?"

Zainabu, swali lile lilikuwa mlango. Alinifungulia mwenyewe. Ningesema, "Hapana, ni ya watu watatu," angeyatenganisha kwenye karatasi, angeandika Arusha, na sehemu ya kila mmoja wetu ingekuwa debe la chini lisiloguswa. Mpaka leo bado inawezekana, maana alisema siku ile ile kwamba karatasi yenye kosa husahihishwa. Wale wa upatu hawakukatwa kitu, kwa sababu madebe yao yalikuwa yametawanyika kwenye namba zao wote. Sisi tulikatwa kwa sababu ya kujipenda kwangu.

Nilitazama mlangoni. Hando alikuwa ananikazia macho. Wale waliocheka walikuwa wanasubiri kucheka tena. Na ile sabuni, na jina langu la kila Jumamosi, vyote vingejulikana ni vya mikono ya wanawake wawili.

Nikasema, "Yangu yote."

"Una hakika, mzee?"

"Wewe binti, unaniita mwizi?"

Akainamisha kichwa akaandika. Wewe ukikaa kwenye kiti kile, siku utakapoletewa mtu anayefoka kwamba mashine imemdhulumu, mpigie hesabu kwa mkono kama alivyofanya Elinami. Ikifanana na ya mashine usimtoe bado, muulize ni nini kilichoingizwa. Mashine inachota kwenye kile inachopewa, haiji shambani kutazama nani amechuma. Ila muulize mkiwa wawili, mlango umefungwa. Simlaumu Elinami hata kidogo. Nakwambia tu kwamba mimi mbele ya watu sikuwa na ujasiri, na watu wa namna yangu ni wengi.

Lililofuata ni baya zaidi. Nilirudi kambini kugawa fedha. Mama Tluway na wifi yake walikuwa wamekaa juu ya magunia wananisubiri. Haki ilikuwa nibebe ile kodi mimi, niliyeng'ang'ania namba yangu, au basi tugawane hasara. Mimi nilitoa changu chote kizima kwanza, nikaitoa kodi kwenye sehemu zao.

Mama Tluway alihesabu mara mbili. "Hii ni nini? Madebe yangu nayajua."

"Mashine imekosea," nikamwambia.

"Mashine gani inakosea kwangu tu?"

Hapo ndipo nilipofanya kwa kidevu jambo ambalo sikuthubutu kulifanya kwa mdomo. Niligeuza kidevu kuelekea ofisini, nikasema, "Mashine hainywi uji, Mama Tluway. Kuna mtu anayeilisha."

Ni maneno hayo tu. Nilikwenda kulala nikijiambia kwamba sikumtaja mtu.

Mama Tluway si mtu wa kumeza maneno. Kesho yake alikuwa ameyasema kwenye bomba la maji, keshokutwa yalikuwa yamefika mstari wa mwisho wa mibuni. Mwezi wa tisa ulipokwisha nikakatwa tena, na mimi tena nikaikata kwao. Neno likakua. Mara binti ana duka la siri Arusha, mara anavaa viatu vipya. Viatu vile namfahamu navyo tangu aje. Na mwaka huu wa kukamatwa walanguzi kuna lile neno ambalo mtu akiitwa hawezi kulala. Ijumaa iliyopita pale penye mizani wanawake wakamzunguka, mmoja akamwita hivyo kwa sauti: mhujumu.

"Mhujumu mkubwa wewe! Unakula jasho la wajane!"

"Msichana mdogo na tumbo kubwa!"

Meneja akaja mbio. Elinami alikuwa amekumbatia kitabu chake cha madebe kifuani. Hakulia. Akasema, "Hesabu nimeipiga na mwenye namba, mara tatu. Mwenye namba yupo, anajua." Akanitazama, mwanangu. Sikuwa mbali, ningeweza kumgusa. Na mimi nilishika debe langu nikatazama buni zilizomo kama vile zina jambo la kuniambia.

Meneja akasema hataki fujo katikati ya msimu. Jumatatu asubuhi, wakati wa kuita majina, karani atakabidhi kitabu mbele ya wote na kuondoka, na mambo yake yatapelekwa kwa wanaohusika. Jumatatu ni kesho. Wakati wewe uko kwenye basi unakwenda kukalia kiti kama kile, yeye atakuwa anainuliwa kwenye chake.

Siku mbili hizi nimejaribu kujidanganya kwa kila njia. Nilijiambia kwamba ana shule, atapata kazi nyingine. Nani atampa kazi ya fedha mtu aliyeondoka na jina hilo? Nilijiambia kwamba mimi nina watoto. Halafu nikakumbuka kwamba na yeye ni mtoto wa mtu, kuna baba huko Meru aliyeizungusha barua yake kijijini kama mimi.

Jana Hando alinifuata kwenye mfereji. Nadhani aliuona uso wangu. Akasema polepole, akitabasamu kama tunazungumza habari za mvua, "Mzee, nasikia una kitu kooni. Kimeze. Ukifungua mdomo juu ya kuchanga, meneja atanigeukia mimi, na kabla hajanigeukia nitakuwa nimekufuta. Miaka yako kumi na moja naifuta kwa kalamu moja."

"Na yule binti?"

"Yule binti ni binti yako?"

Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. 

Leo mchana Mama Tluway alipotoka kanisani nilimwendea kwenye banda lake. Nilimsalimu kwa Kimbulu, "Saita," akacheka kama kawaida kwa jinsi ninavyoitamka. Alikuwa anachambua maharage. Nikakaa chini, nikamwambia yote: swali la Elinami, jibu langu, fedha nilizozitoa kwake, na kile kidevu. Nilizungumza nikiutazama ule ungo. Wifi yake alisimama akatoka nje.

Mama Tluway aliacha kuchambua. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea vizuri kuliko alichosema.

"Baba Zainabu, fedha ningekusamehe. Mimi nimedhulumiwa na watu wazuri kuliko wewe. Lakini umenitia mdomoni jina la mtoto wa mwenzangu, nikalitafuna, nikalitema mbele ya watu. Mimi, mama mzima. Nitautazamaje uso wa mama yake nikikutana naye?"

Nikamwambia nitamrudishia fedha yote.

"Rudisha," akasema. "Halafu? Kesho nani atasimama? Mimi?"

"Mimi."

"Unasema hivyo hapa kwenye maharage. Hata ofisini ulikuwa na mdomo." Akaendelea kuchambua. Kisha akasema bila kuinua uso, "Kesho nitasimama mstari wa mbele. Usiposema, nitakusemea mimi, na mimi sitakuonea haya."

Nimewarudishia fedha zao, za miezi yote miwili. Ndiyo maana ndani ya barua hii hakuna ile hela ya viatu niliyomwambia mama yako nitakutumia. Utaanza kazi na viatu vya shule. Naona haya kwa hilo pia, lakini ni haya ndogo.

Usifikiri nakuandikia haya ili unione nimekuwa mtu mwema. Mtu mwema angesema siku ile kwenye kiti, au Ijumaa penye mizani. Mimi nasema baada ya kukosa pa kujificha, na baada ya mwanamke kunishika shati. Hata sasa mkono wangu unatafuta njia. Dakika hii nimewaza kwamba huenda meneja atabadili mawazo usiku, nisiwe na haja. Nakuandikia ili nisiwe na mahali pa kurudi nyuma. Barua ikishapanda lori, wewe utakuwa unajua.

Na pia nataka ujue jinsi uongo unavyokaa kwa mtu wa kawaida. Nilikuwa nikifikiri mtu anayemwangusha mwenzake ni mtu wa roho mbaya, ana chuki, anapanga. Mimi sikumchukia Elinami hata siku moja. Alinipa kiti. Nilikuwa nalinda tu kitu kidogo sana, na kila siku nikawa naongeza kidogo cha kukilinda, mpaka ikawa yeye ndiye anayetakiwa kulipa. Utakapokuwa na kitabu cha watu mkononi, watakuja wengine kama mimi, wazee wa heshima, wanagonga meza. Waheshimu. Lakini kilichoandikwa kama ni cha kweli usikifute kwa sababu ya mvi za mtu. Yule binti hakukifuta, na ndicho kitu pekee kitakachomwokoa kesho nikisema, maana kila siku na kila debe lipo pale, na Mama Tluway na wifi yake watayatambua ya kwao.

Dereva amesema anaondoka baada ya majina kuitwa, lakini barua anaichukua sasa hivi, kwa hiyo hutajua kutoka kwenye karatasi hii ilikwendaje. Utajua kwa njia nyingine. Msimu wa kahawa haujaisha, na kila mwaka mimi hurudi nyumbani baada ya msimu, mwezi wa kwanza, na likizo yangu na fedha zangu. Hando si mtu wa kutisha bure. Nimeshafunga blanketi na sufuria yangu. Kama mama yako atakuandikia kwamba nimefika mwezi wa kwanza kama kawaida, usinijibu barua yoyote mpaka umeniuliza kwa nini.

Lakini nimemwambia dereva anitafutie nafasi kwenye gari la kurudi Singida. Mimi nategemea kuwa nyumbani Alhamisi hii.

Ni mimi baba yako.